Mama Mzee Ana Miaka Mingapi?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya umri. Hatusemi umri wa mtoto, kwa maana huo unajulikana. Mtoto wa siku hizi huandikwa hospitali kabla hata hajapewa jina. Tunasema umri wa mama mzee, yule ambaye mtaa mzima humwita mama, na ambaye akiulizwa amezaliwa lini hucheka kwanza.

Mwezi ujao watu wa ushirika wetu, pamoja na majirani wa dini zote, watakusanyika kumheshimu mama mmoja wa namna hiyo. Jina lake hatulitaji hewani. Mwenyewe ameomba hivyo. Inatosha kusema kwamba wako wanawake wa vizazi vitatu waliojifunza kwake kushika sindano, kusoma, kumlea mtoto mchanga, na kunyamaza wakati wa kunyamaza. Nyumba zenye ugomvi zimempelekea ugomvi wao. Wakubwa wa serikali wamemsikia akisema mbele yao bila kutetemeka. Kwa hiyo kamati imekwisha kuketi. Keki imeagizwa, na doti ya leso itanunuliwa mtaa wa Biashara, yenye maneno yatakayochaguliwa kwa uangalifu, kwa kuwa mama huyu husoma leso kabla ya kuivaa.

Ndipo likatokea swali la kamati. Tuandike miaka mingapi juu ya keki? Mjukuu akaleta kitambulisho, nacho kimeandikwa tarehe 1 Januari. Wazee waliokuwamo wakaangua kicheko, maana kila mmoja wao naye amezaliwa tarehe 1 Januari! Ukivisoma vitambulisho vya wazee wa mtaa wetu utadhani mama zao wote walikuwa wakingojana, wakajifungua siku moja ya mwaka mpya. Sababu yake ni nyepesi. Karani alipomwuliza mtu umri wake, na mtu akataja mwaka wa kukisia tu, karani alihitaji siku na mwezi wa kujaza nafasi iliyo wazi. Akajaza mwanzo wa mwaka. Katika Kenya sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza kutumika mwaka 1928, lakini kwa Waafrika walio wengi haikuwa lazima. Kazi hiyo ilipanuliwa wilaya baada ya wilaya, hata ikaenea nchi nzima mwaka 1971. Mtu aliyezaliwa Kisiwani au Rabai au Kwale kabla ya hapo, ikiwa hakubatizwa akiwa mchanga na kuandikwa katika daftari la kanisa, siku yake ya kuzaliwa ilibaki katika kichwa cha mama yake. Mama alipokufa, siku ile ikazikwa naye.

Wasikilizaji, msidhani kwamba wazee wetu hawakuwa na kalenda. Walikuwa nayo, ila haikutundikwa ukutani. Mama mzee atakuambia, "Mimi nilikuwa naota meno ya pili wakati wa mgomo mkubwa." Basi wewe shika kalamu uhesabu. Mgomo mkubwa wa Mombasa ulianza tarehe 13 Januari 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi, bandarini, katika reli, mahotelini na majumbani kwa wazungu, na mji ukasimama kwa muda wa siku kumi na mbili. Mtoto anayeota meno ya pili ana miaka sita au saba. Umepata mwaka. Mwingine atasema aliolewa kabla ya pembe kujengwa, maana yake zile pembe za barabara iliyoitwa Kilindini, ambayo sasa ni Moi Avenue, zilizowekwa mara ya kwanza mwaka 1952. Mwingine alivushwa na mama yake kwenda Nyali kwa mashua, kabla ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Na mama zao hao walikuwa na alama zao wenyewe: reli ilipoanza kutandikwa hapa mwaka 1896, njaa kubwa ya 1898 na 1899, utumwa ulipovunjwa kwa sheria mwaka 1907, na zile gari ndogo zilizokuwa zikisukumwa na watu juu ya vyuma katika njia za mji mpaka miaka ya 1920.

Hata jina la mtaa wetu, Mwembe Tayari, ni tarehe ya namna hiyo. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na mwembe, na chini yake watu wa safari na wapagazi walijipanga mpaka wakawa tayari. Wengine huunganisha jina na vita vya kwanza vya dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918, wakati maelfu kwa maelfu ya wanaume wa nchi hii walipotiwa katika kikosi cha wapagazi, kile kilicholeta neno Kariakoo katika miji yetu. Wengi hawakurudi. Ukipita barabara ya Jomo Kenyatta utaziona sanamu za shaba za ukumbusho wao, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ambaye sanamu zake nyingine za vita hivyo zimesimama Nairobi na Dar es Salaam. Wote waliochongwa pale ni wanaume. Wanawake waliobaki wakilima, wakilea, wakingoja habari zisizofika, hawamo katika shaba. Hatulaumu, sanamu ile ilisimamishwa kwa ajili ya askari na wapagazi, na imefanya kazi yake. Lakini ni vyema kujua kwamba katika mji huu mwanamke hukumbukwa kwa njia nyingine, kama anakumbukwa.

Hapa wako ndugu watakaotuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuadhimisha siku ya kuzaliwa. Hoja yao si ya kipumbavu. Katika Biblia sikukuu za kuzaliwa zinazotajwa waziwazi ni za Farao na za Herode. Katika ya kwanza mwoka mikate alitundikwa, na katika ya pili Yohana Mbatizaji alikatwa kichwa. Kwa kweli si mfano mwema wa karamu! Lakini sisi tunawaomba ndugu hao wafungue Injili ya Luka, mlango wa 2, waone jinsi mwandishi yule alivyomheshimu mwanamke mzee. Ana, binti Fanueli. Luka hatuambii siku aliyozaliwa. Anatuambia jina la baba yake, na kabila yake, kwamba ni Asheri. Anatuambia alikaa na mumewe miaka saba tangu ubikira wake, kisha akawa mjane. Anataja miaka themanini na minne. Anatuambia alishinda wapi na alifanya nini kila siku. Habari hizi mtu hazipati kwa kukisia. Ni lazima kuna aliyemwuliza mama yule, au aliyewauliza waliomjua, akasikiliza mpaka mwisho. Tena katika Biblia yetu ni Sara peke yake, miongoni mwa wanawake, ambaye umri wa kufa kwake umeandikwa wazi, miaka 127. Basi wanawake wazee ambao maisha yao yaliulizwa na kuandikwa walikuwa wachache tangu zamani.

Nasi katika Mombasa tunao watatu ambao habari zao zimeandikwa vizuri kuliko za wengine, na hao ndio tunaotaka kuwasimulia leo. Si watu wa kanisa letu. Ni Waislamu, na maisha yao yote yalikuwa ya Kiislamu. Tunawataja kwa sababu ni mama wa mji huu, na kwa sababu yaliyotendeka kwao yanatufundisha namna ya kumwadhimisha mzee.

Mwanzo wa miaka ya 1970 alikuja Mombasa mwanafunzi wa historia kutoka Marekani, jina lake Margaret Strobel. Wakati ule vitabu vya historia ya pwani vilijaa masultani, Wareno, ngome na jahazi. Yeye alitaka kujua habari za wanawake. Kwa hiyo hakuweza kukaa na karatasi za serikali peke yake, kwa maana ndani yake wanawake walikuwa wachache mno. Ilimpasa kwenda majumbani, kubisha hodi, kuketi juu ya mkeka na kusikiliza. Wazee waliomkaribisha walizungumza kwa lugha yao, nacho chombo cha kunasa sauti kikizunguka. Kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, kuanzia mwaka 1890 hadi 1975, kilitoka mwaka 1979. Baadaye akashirikiana na Sarah Mirza, wakatoa mwaka 1989 masimulizi ya wanawake watatu kama wenyewe walivyoyasema: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala, na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy.

Watatu hao walizaliwa kati ya mwaka 1890 na 1920, katika mji mmoja, lakini katika nyumba zisizofanana hata kidogo. Bi Kaje alikuwa mkubwa wao. Huhesabiwa kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1890. Mnasikia, wasikilizaji, "karibu na", kwa kuwa yeye naye hakuandikwa. Alitoka katika ukoo wa wenye mji, nyumba iliyokuwa na watumwa. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 alikuwa mtoto mdogo, na utumwa ulipovunjwa alikuwa karibu na miaka kumi na saba. Bi Mishi yeye alitoka upande wa pili wa mlango: nasaba yake ni ya watu waliokuwa watumwa. Na Bi Shamsa, mdogo wao, alizaliwa katika ukoo wa Kiarabu wenye cheo, akakua wakati wanawake wa tabaka lake walipoanza kutoka nje na kushika mambo ya watu wote.

Tuseme kidogo juu ya sheria ile ya mwaka 1907, kwa sababu bila hiyo hatutaelewa yanayofuata. Serikali iliondoa utumwa katika sheria za pwani kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka ule. Mwenye mtumwa aliweza kudai fidia kwa kumpoteza mtumwa wake. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Alitoka na jina lake na mikono yake. Na wanawake wengi waliotoka hivyo hawakwenda mbali. Walibaki katika mji uleule, wakipika, wakiuza vyakula, wakifinyanga maisha mapya katika vibanda na nyumba za Majengo, hapo jirani yetu. Ni wachache waliowauliza habari zao, kwa kuwa kumtaja mtu kwamba bibi yake alikuwa mtumwa lilikuwa neno la kutukana. Bado ni neno la kutukana katika vinywa vya wengine, na jambo hilo ni baya.

Lakini sikilizeni ajabu hii. Katika Mombasa ya zamani msichana alipovunja ungo alipewa somo. Vijana wengi leo wanalijua neno hili kwa maana ya shuleni tu, somo la hesabu au somo la kuimba. Kumbe kwa mama zetu wa pwani somo alikuwa mtu. Alikuwa mwanamke mzima aliyekabidhiwa mwari ili amfundishe usafi, heshima, mambo ya ndoa, jinsi ya kukaa na mume na jinsi ya kukaa na wakwe. Na mwari wake aliendelea kumheshimu maisha yake yote. Wako pia makungwi, wenye ujuzi wa kufunda wari na wenye ngoma zao. Na nani walikuwa makungwi? Strobel alionyesha kwamba mara nyingi walikuwa wanawake wa asili ya utumwa. Mengi katika mafundisho na ngoma zao yalitoka mbali, katika nchi za kusini ambako bibi zao walitekwa. Bi Mishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa makungwi.

Basi fikirini. Mwanamke aliyenyang'anywa nchi yake na ukoo wake alibaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya, nacho ni yale aliyofundishwa na mama yake. Akayafundisha. Binti wa mwenye nyumba aliketi chini mbele ya yule aliyekuwa mtumwa wa nyumba, akapokea kutoka kwake namna ya kuwa mwanamke. Nje ya mlango mmoja alikuwa bibi na mwingine mtumwa; ndani ya chumba cha kufundwa mambo yaligeuka. Heshima ile haikuandikwa popote, wala haikumtoa mwalimu katika umaskini wake, na hatutaki kuipamba kuliko ilivyokuwa. Siku iliyofuata alirudi jikoni. Lakini mji huu ulilelewa na wanawake wale, nao walikufa bila mtu kujua walizaliwa lini.

Wenzetu wa Frere Town wanaweza kuielewa habari hii vizuri kuliko wengine. Kule ng'ambo ya maji, kuanzia mwaka 1875, misheni ya CMS iliwapokea watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele iliyowaonya ilitoa jina la Kengeleni, ambalo makondakta wa matatu hulipiga kelele kila siku bila kufikiri. James Juma Mbotela alisimulia katika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934, jinsi kizazi cha baba yake kilivyotekwa na kufikishwa hapo. Waliofika wakiwa watoto hawakujua siku zao za kuzaliwa, na wengine hawakuyajua vizuri hata majina ya vijiji vyao. Walipobatizwa, siku ya ubatizo ndiyo ikawa tarehe ya kwanza ya maisha yao kuandikwa na mtu.

Turudi Kisiwani. Zaidi ya kufunda wari, wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama. Kwa kijana asiyejua, lelemama ni ngoma ya wanawake, nayo ilikuwa na chama chake, sare zake, vyeo vyake na michango yake. Katika miaka ya 1930 watu waliona ushindani mkali kati ya Ibinaal Watan na Banu Saada. Kila upande ukitaka kuushinda mwingine kwa mavazi, kwa karamu, na kwa maneno ya kuchoma yaliyofichwa ndani ya nyimbo. Fedha nyingi zilipotea. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, alikuwa mmoja wa waliokemea gharama za mambo kama hayo, naye akahimiza watoto wa kike wafundishwe. Wahubiri wa upande wetu nao walikuwa na maneno yao juu ya ngoma, ambayo hayana haja ya kurudiwa.

Hata hivyo, mtu akitazama vizuri ataona jambo ambalo wakemeaji wengi hawakuliona. Katika vyama vile mwanamke asiyejua kusoma alijifunza kukusanya fedha na kuzitolea hesabu. Alijifunza kuita mkutano, kugawa kazi, kuamua ugomvi, kusimama mbele ya watu. Wa asili ya uungwana na wa asili ya utumwa walikutana humo, japo si bila kusukumana. Mwaka 1938 ilifunguliwa shule ya wasichana wa Kiarabu. Baada ya vita vya pili vya dunia lelemama ikaanza kupoa. Na katika miaka ya 1950 yakainuka makundi mapya, Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, yenye kufundisha watu wazima kusoma na kushona na kusaidia elimu ya wasichana. Wakati huo wanawake wa Kiarabu wa pwani walinyimwa kura. Wao hawakunyamaza, wakapeleka ombi serikalini, na Bi Shamsa alikuwa mmoja wa wanawake waliojitokeza katika mambo ya umma ya miaka ile. Strobel aliandika makala yenye kueleza mwendo huo, kutoka lelemama hata kufika kuishawishi serikali. Watu waliposhangaa kwamba wanawake wa buibui wanajua kuandika madai, ni kwa sababu hawakujua mazoezi yao yalifanyika wapi.

Sasa, haya yote tungeyajua kwa njia gani kama watu wale hawangeulizwa? Tufanye kwamba mwaka 1972 majirani wa Bi Kaje wangemfanyia sherehe. Wangemkalisha kiti cha mbele, wangesoma risala ya sifa, wangempa zawadi, na yeye angeshukuru. Kila msemaji angemwambia yeye ni nani. Hakuna ambaye angemwuliza. Risala za sifa tumezisikia nyingi, nazo hufanana kama ndugu: mama mvumilivu, mama mwenye upendo, mama mcha Mungu. Yote huwa kweli, na unaweza kuondoa jina ukatia jingine bila kubadili neno.

Masimulizi ya mama wale watatu hayafanani na risala. Ndani yake mna ndoa na mna talaka. Mna mambo ya utumwa yaliyosemwa na aliyekuwa upande wa mabwana na aliyekuwa upande wa watumwa. Baadhi ya watu wa kanisa wangetamani mambo kama hayo yapunguzwe kidogo, ili mzee aonekane safi. Sisi hatukubaliani nao. Kabila ya Ana, miaka yake saba ya ndoa na ujane wake vimo ndani ya Injili, na havikupunguza sifa yake. Mzee aliyekwisha kupita katika taabu ana haki ya taabu zake kutajwa, ikiwa mwenyewe anapenda.

Neno hilo, ikiwa mwenyewe anapenda, ni kubwa. Yako mambo ya chumba cha wari ambayo si ya redio wala si ya gazeti, na somo mwenye adabu hayasemi mbele ya wanaume. Asilazimishwe. Yako majina ya watu ambao watoto wao wangali hai na wataona aibu. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kunasa sauti mfukoni, na ni rahisi mno kuitega kimya kimya chini ya leso. Huo ni wizi. Mwonyesheni chombo, mwelezeni maneno yatakwenda wapi, na akisema zima, zimeni. Tena msiwe wepesi wa kumsahihisha tarehe. Akisema vita vya kwanza naye anasimulia vya pili, mwacheni amalize. Hesabu mtafanya baadaye, kwa zile alama tulizozitaja, daraja na mgomo na pembe.

Jambo la mwisho kuhusu kile kitabu. Kilipotoka mwaka 1989 kilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wenye masimulizi hawakuyasemea. Mwaka 1991 kikatolewa tena kwa Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, ili wasomaji wapate maneno kama yalivyotoka vinywani. Mtu wa Kuze au wa Majengo akikifungua husikia sauti ya bibi yake, na hata namna ya kukatiza habari ili aagize chai.

Kamati yetu, baada ya mjadala ambao hatutausimulia wote, imekubaliana hivi. Juu ya keki hapataandikwa idadi ya miaka. Risala zilizokuwa saba zimekuwa mbili, na zote ni fupi. Wakati uliobaki atapewa mama mwenyewe, ikiwa atakuwa na nguvu, pamoja na wanawake wanne aliowafundisha, waketi karibu naye na kumwuliza. Maswali yameandikwa katika daftari, na yeye amekwisha kusomewa ili achague. Amekataa mawili. Swali ambalo ameomba liwe la kwanza halikuwamo katika daftari letu: ametaka aulizwe jina la mwanamke aliyemfundisha yeye, na huyo naye alifundishwa na nani, na walikaa nyumba gani.